Programu ya Video Inapokwama: Somo kwa Vijana Wetu wa Kamera



Somo la mwezi huu limeombwa na vijana wenye kupiga na kuhariri picha za video. Wazee wasiotumia kompyuta watuwie radhi. Lakini hata wao nawaomba wasome mpaka mwisho, maana picha tunazozisemea ni zao: kipaimara cha wajukuu wao, maziko ya ndugu zao, na harusi walizozichangia.

Hali yetu hapa Mkokotoni twaijua. Sisi Wakristo tu wachache, na wengi wetu tumeletwa huku na kazi. Jirani zetu karibu wote ni Waislamu. Kwa hiyo kijana wetu anayejua kamera haishi kwa kwaya peke yake; huitwa katika harusi za jirani, huvuka kwa mashua kwenda Tumbatu, huitwa kwenye mahafali ya skuli. Kazi yote hiyo huifanya kwa laptopu moja, mara nyingi ya mtumba. Siku programu inapoanza kujifunga yenyewe, mkate wake umesimama, na mkononi ana amana ya watu. Kwaya yaweza kuimba tena. Bibi harusi hawezi kuolewa mara ya pili ili apigwe picha upya, na babu aliyezungumza mbele ya kamera mwaka jana huenda leo hayupo.

Kisiwa chetu si kigeni kwa picha za namna hii. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Wakati ule picha ziliunganishwa kwa mashine na kanda, katika kituo chenye mafundi wake. Leo kazi ile ile anaifanya kijana mmoja juu ya meza ya kulia chakula, na fundi wa karibu yuko mjini, mwendo mrefu kwa daladala. Basi hapana budi ajifunze kutafuta kosa mwenyewe.

NAKALA KWANZA

Programu ikikwama, mkono wa kijana hukimbilia kufuta: afute programu na kuiweka upya, afute mafaili anayodhani hayana kazi. Mkono huo uzuieni. Kabla ya kugusa chochote toeni nakala. Na ili mjue mnatoa nakala ya nini, fahamuni kwamba kazi ya video ina vitu viwili.

Kuna picha zenyewe, zilizotoka kwenye kamera au simu. Hizi ni faili kubwa, za gigabaiti nyingi. Halafu kuna faili ya mradi, ile ambayo programu huiandika kila mnapohifadhi kazi. Hii ni ndogo, mara nyingi megabaiti chache tu au pungufu, kwa sababu picha hazimo ndani yake. Ifananisheni na karatasi ya utaratibu wa Ibada anayoiandika katekista Jumamosi usiku. Karatasi yasema wimbo namba fulani uimbwe wakati wa kuingia, na zaburi fulani baada ya somo la kwanza. Lakini wimbo wenyewe umo kitabuni. Vitabu vikihamishiwa kanisa lingine usiku ule ule, karatasi itakuwa sahihi kabisa na waumini watakosa cha kuimba.

Ndivyo inavyotokea programu inaposema kwamba haizioni picha. Mara nyingi hazikupotea. Mtu amebadilisha jina la folda, au picha ziko kwenye diski ya nje ambayo jana kompyuta iliiita E, na leo, kwa kuwa kuna flashi nyingine imechomekwa, inaiita F. Ionyesheni programu mahali picha zilipo, nayo itaendelea na kazi. Kwa sababu hiyo folda ipewe jina moja siku ya kwanza, na jina hilo lisiguswe mpaka kazi imekabidhiwa.

Picha za asili ziwekwe mahali pawili, na pamoja kati ya hapo pasiwe katika nyumba ile ile. Kadi ya kamera isifutwe kabla mwenye shughuli hajapokea kazi yake na kuitazama yote. Najua kadi ni ghali na harusi nyingine inaingoja. Hata hivyo, kijana mwenye fedha ya kununua taa mpya na hana kadi ya pili, mimi namwona amepanga vibaya.

Faili ya mradi nayo ihifadhiwe kila siku kwa jina jipya: harusi-1, harusi-2, harusi-3. Umeme ukikatika wakati programu inaiandika faili hiyo, yaweza kuharibika isifunguke tena, na hapo utashukuru kwamba ya jana ipo. Programu nyingi, kama Kdenlive na Premiere Pro, huweka pia nakala zake zenyewe kila baada ya dakika kadhaa katika folda ya pembeni. Itafuteni folda hiyo leo mkiwa na utulivu, msingoje usiku wa msiba. Wanaotumia DaVinci Resolve wajue kwamba yenyewe haiachi faili ya mradi ndani ya folda ya kazi. Miradi yote hukaa katika hifadhi yake ya ndani, na ili kupata nakala lazima mradi utolewe kwa makusudi na kuwekwa kwenye diski nyingine.

KUULIZA DALILI

Muuguzi wa kituo cha afya hampi mtu dawa kwa kuambiwa naumwa tu. Huuliza ni wapi, tangu lini, na baada ya kula nini. Vijana husema kompyuta inasumbua, na kwa neno hilo hakuna awezaye kuwasaidia.

Kompyuta nzima ikizimika ghafula na kioo kuwa cheusi, msianze kuilaumu programu. Tazameni joto na umeme. Programu ikijifunga yenyewe na kompyuta ikabaki hai, shukuni faili mbovu, au kumbukumbu ndogo, au draiva ya kadi ya picha. Programu ikiganda dakika nzima kisha ikaendelea, huku taa ya diski inawaka muda wote, diski ndiyo inayoshindwa. Na picha zikirukaruka wakati wa kuhariri, lakini kazi ikitolewa inatoka safi, hakuna kilichoharibika. Mashine yenu ni dhaifu kwa picha za namna ile, na dawa yake nitaieleza hapa chini.

Iko dalili moja ninayoithamini kuliko zote. Mnapotoa kazi ya mwisho, kule ambako mafundi huita kurenda, nayo ikakatika njiani, andikeni kwenye karatasi imekatikia dakika ya ngapi. Kisha itoeni tena. Ikikatika pale pale, kosa limo ndani ya kazi, katika klipu au pambo lililopo dakika hiyo. Ikikatika mahali tofauti kila mara, kosa limo katika mashine: joto, kumbukumbu, nafasi ya diski au umeme. Majaribio mawili na kalamu huondoa nusu ya mashaka, wala hayagharimu senti.

Klipu mbovu ikishukiwa na haijulikani ni ipi, msizipekue moja moja. Fungueni nakala ya mradi, ondoeni nusu ya klipu, mjaribu. Tatizo likibaki, limo katika nusu iliyobaki. Likiondoka, lilikuwa katika nusu mliyoitoa. Chukueni nusu yenye kosa, igaweni tena. Klipu 64 humalizwa kwa majaribio 6 tu. Mkiipata, ibadilisheni kuwa faili mpya kwa programu ya bure kama HandBrake, kisha irudisheni mahali pake. Mara nyingi klipu ya namna hiyo ni ile iliyokatika kamera ilipoishiwa betri, au kadi ilipochomolewa upesi.

Na katika majaribio yote haya, badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Aliyebadilisha mambo matano kwa pamoja na kompyuta ikapona, hajui kilichoiponya, na wiki ijayo itamrudia.

KWA NINI PICHA ZA SIMU NI NZITO

Hapa vijana wengi hushangaa. Wanasema: simu yangu ndogo inazicheza picha hizi bila taabu, vipi kompyuta kubwa ishindwe?

Tufanye hesabu. Picha moja ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla 8,294,400. Kila nukta ikichukua baiti tatu za rangi, picha moja ni karibu megabaiti 25. Video huonyesha picha 25 kila sekunde, yaani karibu megabaiti 622 kwa sekunde moja. Hakuna simu inayoweza kuandika hivyo muda mrefu, kwa hiyo huzibana picha mpaka zibaki megabaiti chache kwa sekunde. Namna za kubana zilizoenea ni H.264, na baada yake H.265, ambayo hubana zaidi.

Hubanaje? Tuchukue mfano wa daftari la mahudhurio kanisani. Karani mmoja huandika majina yote kila Jumapili. Karani mwingine ni mchumi wa karatasi: Jumapili ya kwanza ya mwezi huandika majina yote, na Jumapili zinazofuata huandika tu nani ameongezeka na nani hakuonekana. Daftari la huyu wa pili ni jembamba. Lakini Padri akimwuliza ghafula nani alikuwapo Jumapili ya nne, karani hana budi kurudi Jumapili ya kwanza na kuhesabu kuja mbele, akiongeza na kupunguza.

Simu ni karani wa pili. Huandika picha moja kamili, kisha kwa muda huandika mabadiliko tu. Kuzicheza kutoka mwanzo hadi mwisho ni rahisi, maana hesabu inakwenda mbele wakati wote. Kuhariri ni jambo lingine. Mnaruka huku na huku, mnakata katikati, mnaweka klipu mbili juu ya moja, na kila mnaporuka kompyuta inarudi nyuma kutafuta picha kamili ianze hesabu upya. Aidha simu ina sehemu maalumu ya kufungua H.265, kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2015 hazina sehemu hiyo, na akili yao yote huishia katika kufungua tu. Msishangae ikiganda.

Dawa ni nakala nyepesi, ambazo programu huziita proksi. Programu huchukua kila klipu na kuitengenezea nduguye mdogo mwenye picha ndogo na rahisi kufungua, nanyi mnahariri kwa yule mdogo. Picha ya 1,280 kwa 720 ina nukta 921,600 tu, yaani sehemu moja ya tisa ya ile ya 4K. Wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu hurudi kwenye picha za asili, na mteja hapungukiwi kitu. Kdenlive, Resolve, Premiere Pro na Shotcut zote zina huduma hii katika mipangilio yake. Kuzitengeneza huchukua muda. Anzisheni usiku, mlale, asubuhi zitakuwa tayari. Wako wanaodharau proksi wakidhani ni za wenye mashine duni. Wahariri wa filamu kubwa duniani hufanya kazi kwa nakala nyepesi kila siku.

Kuna na dosari nyingine ya simu ambayo watu wa kwaya wanaijua bila kuijua jina. Mwanzo wa wimbo midomo inalingana na sauti; kufika ubeti wa nne sauti imetangulia na midomo inafuata. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya picha kwa sekunde. Mwanga ukipungua, kama ndani ya kanisa jioni, simu hupunguza picha kimya kimya, kisha huziongeza tena. Programu iliyoambiwa picha ni 30 kwa sekunde hubabaika, huenda polepole, na sauti huachana na picha. HandBrake inaweza kuzigeuza zikawa na idadi moja thabiti; fanyeni hivyo kabla ya kuziingiza kwenye mradi, si katikati ya kazi.

Bora zaidi ni kuzuia tangu mwanzo. Kabla ya shughuli, wekeni simu ipige kwa H.264, na kwa ukubwa wa 1,920 kwa 1,080. Watazamaji wetu wengi hutazama kwenye simu au televisheni ndogo. 4K ya nini?

DISKI NA KUMBUKUMBU

Msihariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi wala kadi ya kamera. Zimetengenezwa kubebea. Hamishieni picha kwenye diski ya kompyuta kwanza.

Diski za zamani zenye sahani inayozunguka husoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde. Diski za SSD za kawaida hufika karibu 500, na hazina mkono wa kutafutatafuta huku na huku. Kijana akiniuliza fedha yake kidogo aitie wapi katika laptopu ya mtumba, humwambia SSD, halafu kumbukumbu, ile wauzaji waiitayo RAM. Gigabaiti 4 za kumbukumbu hazitoshi tena kwa kazi hii. Gigabaiti 8 zitakwenda kwa unyenyekevu, mkifunga kivinjari cha intaneti na kila kitu kingine. Kwa 16 mtapumua.

Diski ikijaa, programu hukosa pa kuweka akiba yake ya muda, nayo huganda au hujifunga bila kusema kwa nini. Akiba hiyo hujilimbikiza kazi baada ya kazi, na baada ya mwaka hufika makumi ya gigabaiti. Yaweza kufutwa salama kupitia mipangilio ya programu, kwa kuwa programu huitengeneza tena. Msiifute kwa kubahatisha mafolda.

Kisa kimoja huwasumbua wengi wa harusi ndefu. Kazi inatolewa moja kwa moja kwenye flashi ya mteja, inakwenda vizuri, kisha inakatika, na kila mara inakatika faili ikikaribia gigabaiti 4. Programu haina kosa. Flashi imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao haukubali faili moja kufika gigabaiti 4. Toeni kazi kwenye diski ya ndani, kisha ipangeni flashi upya kwa exFAT, mkikumbuka kwamba kuipanga upya hufuta kila kilichomo.

Harusi ya saa tatu haifai kuwa mradi mmoja mrefu. Ikateni sehemu: nyumbani kwa bibi harusi, ndoa yenyewe, karamu. Kila sehemu iwe mradi wake, itolewe, kisha zile zilizotolewa ziunganishwe. Sehemu moja ikigoma, nyingine zimekwisha salimika.

JOTO, CHUMVI NA UMEME

Vitabu vya kompyuta huandikwa na watu wa nchi za baridi, na sura hii huipitia upesi. Kwetu ndiyo sura kubwa.

Wakati wa kaskazi, khasa Januari na Februari, joto letu hupita nyuzi 32 mchana, nalo ni joto lenye unyevu. Chipu ya kompyuta ikifanya kazi nzito hupanda mpaka karibu nyuzi 100, na hapo imewekewa kinga: kwanza hupunguza kasi yake yenyewe, na joto likizidi huzima mashine. Kijana huona asubuhi kazi inakwenda, saa nane mchana imekuwa nzito, na magharibi imepona. Huiita kompyuta yenye mashetani. Ni joto tu. Programu ya bure kama HWiNFO itawaonyesha nyuzi zenyewe. Itazameni wakati mnatoa kazi.

Laptopu isiwekwe kitandani wala juu ya mkeka wala mapajani, maana matundu yake ya hewa huwa chini. Ilazeni juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite, na feni ya meza ielekezwe kwake. Kila mwaka mwenye mikono mizuri aifungue na kutoa vumbi; sisi tukaao karibu na pwani hukuta vumbi limeshikamana na chumvi na kuwa kama udongo. Mafuta maalumu yaliyo baina ya chipu na feni nayo hukauka baada ya miaka, na kuyabadilisha ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Kazi ya kutoa video ndefu iachwe kwa usiku. Na mashine ikitoka katika gari au chumba chenye baridi ya kiyoyozi, ngojeni kidogo kabla ya kuiwasha, kwani hewa yetu yenye unyevu huweza kutoa jasho juu ya chuma baridi.

Ama umeme, Unguja ina historia yake. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwaka 2008, tangu mwezi wa Mei, kisiwa kizima kilikaa gizani karibu mwezi mmoja. Kikakaa tena, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waliokuwapo wanakumbuka ndoo za maji na ngurumo za jenereta kila kichochoro. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100, uliojengwa kwa msaada wa Marekani, na shida ya namna ile haijaturudia. Lakini umeme wa kupanda na kushuka ungalipo, na ungalipo ule wa kuisha katikati ya kazi kwa sababu hakuna nyumbani aliyekumbuka kununua. Aliye na video ya kutoa usiku kucha asome mita kwanza.

Vifaa viwili huchanganywa. Stabilaiza hunyoosha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo imekatika. UPS ina betri ndani. Huipa kompyuta ya mezani dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Dakika hizo si za kuendelea kutoa video, na anayeendelea atazimikiwa vile vile. Laptopu yenye betri nzima ina UPS yake tumboni, na kwa ajili hiyo peke yake inafaa kubadilisha betri iliyokufa. Ila kumbukeni kwamba laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguzia nguvu, basi wepesi wake upimeni ikiwa kwenye umeme. Na betri iliyovimba mpaka kuinua vibonyezo msiitumie hata siku moja. Huweza kuwaka moto.

Jenereta ndogo za bei nafuu hutoa umeme usio shwari. Chaji betri kwa jenereta ikibidi, kisha chomoa, ndipo ufanye kazi.

MKALIMANI, NA PROGRAMU ZA WIZI

Draiva ni programu ndogo inayosimama baina ya programu ya kuhariri na kadi ya picha, kama mkalimani. Mkalimani akiwa hajui maneno mapya, au akiwa mpya mno hajazoea, mazungumzo huvurugika na programu hujifunga. Kumpima ni rahisi: katika mipangilio ya programu zimeni msaada wa kadi ya picha, kisha fanyeni kazi ile ile. Itakuwa polepole, lakini isipojifunga tena mmempata mwenye kosa. Chukueni draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi mwenyewe. Na msibadilishe draiva, wala kupandisha programu toleo jipya, wakati kazi ya mtu imo katikati, malizeni kwanza.

Sasa neno lisilopendwa. Vijana wengi hutumia programu kubwa za kulipia zilizovunjwa kufuli, zilizopita flashi kwa flashi. Amri ya nane mnaijua. Lakini hata asiyejali amri ajue kwamba aliyevunja kufuli amegusa ndani ya programu, na mara nyingi ameingiza virusi humo; na programu hiyo hamwezi kuipandisha toleo ili makosa yake yaondoke. Nimeona watu wakihangaika na kompyuta wiki nzima kwa ugonjwa ulioingia pamoja na programu yenyewe. Kdenlive na Shotcut ni za bure kwa halali na zinavumilia mashine ndogo. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye nguvu sana, ila hudai kadi nzuri ya picha na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Kuiweka kwenye laptopu ya gigabaiti 4 ni kujitafutia lawama.

MASHINE IKIENDA KWA FUNDI

Ikiwa yote haya yamefanywa na mashine bado yazimika, itakwenda mjini kwa fundi. Hapa nataka vijana, na khasa mabinti zetu wanaopiga harusi, wanisikilize vizuri.

Katika harusi za jirani zetu shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Hupigwa picha na mwanamke, huhaririwa na mwanamke, na mume wa mtu mwingine hapaswi kuiona. Binti wa Kikristo anapokabidhiwa kamera ndani ya chumba kile, ameaminiwa na nyumba nzima. Kisha laptopu inaharibika, anaipakia kwenye daladala, anaiacha kwenye banda la fundi siku tatu, na ndani yake harusi nne za watu. Fundi huenda ni mwaminifu. Lakini huyo binti hakupewa ruhusa ya kumwamini fundi kwa niaba yao.

Kwa hiyo picha za shughuli za wanawake zisikae kamwe katika diski ya ndani. Zikae kwenye diski ya nje ya SSD, mradi na akiba yake pamoja nazo, na diski hiyo ifungiwe kabatini mashine inapotoka nyumbani. Ikiwa zilishawekwa ndani, kuzifuta siku ya kwenda kwa fundi hakutoshi, maana kilichofutwa kwa kawaida huweza kurudishwa kwa programu za bure. Hapo mwambieni fundi aitoe diski mbele ya macho yenu, mwondoke nayo. Joto, feni, betri na kumbukumbu huweza kutazamwa bila diski yenu. Na asihitajike mtu kutuma klipu ya harusi kwa rafiki ili amsaidie kutafuta kosa. Mpigie picha ukuta dakika mbili kwa simu ile ile na mipangilio ile ile, mtume hiyo. Kompyuta haijui tofauti.

Pamoja na mashine mpelekeeni fundi karatasi: imezimika mara ngapi, saa ngapi za mchana, ikifanya nini, nyuzi ngapi za joto, na mmejaribu nini mpaka sasa. Ikirudi, kabla ya kuchomeka diski ya kazi, fungueni mradi mtupu wenye ile klipu ya ukuta, mwiache itoe video nusu saa mchana wa jua, huku mnatazama.